Oili ya Transfa: Kilomita ya Mchanga Si Kilomita ya Lami

Pundanhar ni makao madogo katika wilaya ya Palma, kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, juu ya njia itokayo Palma kwenda Nangade. Njia hiyo ni mchanga wakati wa kiangazi, na tangu Desemba hadi Aprili ni tope. Magari ya jeshi na polisi, ya waganga na ya wafanya biashara, pamoja na chapa zibebazo abiria, yote hupita hapo. Agosti 2020, mji wa Mocímboa da Praia ulipotekwa na kushikwa kwa mwaka mzima, barabara ya kusini ilifungika, na malori ya vyakula ya Palma yakawa yanaitegemea njia hii ya Nangade. Gari lililolala njiani siku zile halikuwa hasara ya mwenye gari peke yake. Lilikuwa ni unga usiofika, na watu waliobaki porini usiku pasipo ulinzi.

Yapo mambo mengi yanayolaza gari katika njia kama hiyo. Pancha huonekana, na injini iliyochemka hutoa moshi. Lakini kuna kiungo kimoja kinachoharibika kimya kimya, nacho ni sanduku la pili la gia, ambalo mafundi huliita transfa. Katika gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, sanduku hilo hupokea nguvu kutoka katika gia boksi, likaigawa kwenye shafti mbili, moja ya difu ya mbele na moja ya difu ya nyuma. Humo pia ndimo ilimo ile gia nzito ambayo dereva huiingiza anapozama mchangani. Transfa ina oili yake yenyewe, mbali na ya injini na mbali na ya gia boksi, wala haina taa ya kumwonya dereva kwamba oili hiyo imepungua au imechoka. Ndiyo maana husahauliwa.

Je, ibadilishwe lini? Kitabu cha gari ndicho cha kwanza kutazamwa, kwa kuwa kila mtengenezaji ana hesabu yake. Kwa magari mengi ya kazi hesabu hiyo huwa kati ya kilomita 40,000 na 80,000. Lakini vitabu hivyo hivyo huongeza maneno ambayo madereva wengi huyaruka: kwamba kwa kazi ngumu, yaani vumbi, mchanga, maji na mizigo mizito, muda upunguzwe. Njia ya Pundanhar ina mambo yote manne.

Na tupige hesabu. Gari liendalo lamini kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa humaliza kilomita 40,000 kwa saa zipatazo 670. Gari lile lile likienda mchangani kwa kilomita 15 kwa saa litahitaji saa zipatazo 2,670 kufikia kilomita hizo hizo. Mita ya gari husema safari ni moja, hali meno ya gia yamesagana mara nne ya muda ule. Zaidi ya hayo, katika gia nzito injini hunguruma sana na gari husogea kidogo, wala hakuna upepo wa mwendo wa kulipoza sanduku. Kwa hiyo, kwa gari la njia kama hii ni busara kubadilisha kila kilomita 20,000, au kila mwaka mvua zikiisha, lolote litakalotangulia.

Hesabu zote hizo huvunjika mara gari linapoingia majini. Transfa ikiwa ya moto kisha ikazamishwa katika maji baridi, hewa iliyomo ndani hunywea, nayo huvuta maji kupitia sili zilizochakaa au tundu la kipumulio. Baada ya kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, maji yalipokata barabara nyingi za Cabo Delgado, hatari hiyo haikuwa ngeni kwa dereva yeyote. Dalili yake ni rahisi kuitambua: oili safi hupenyeza mwanga, bali iliyoingiwa maji huwa nyeupe mfano wa tui la nazi. Oili ya namna hiyo imwagwe siku hiyo hiyo, hata kama ilitiwa juzi, kwani beringi zilizolowa maji hushika kutu upesi.

Katika kubadilisha, gari liendeshwe kidogo kwanza ili oili ipate moto, kisha lisimamishwe mahali tambarare. Kizibo cha juu, cha kujazia, kifunguliwe kabla ya kile cha chini. Wapo waliomwaga oili yote kisha wakakuta cha juu kimeganda, gari likawa tupu na haliwezi kwenda popote. Kizibo cha chini mara nyingi kina sumaku. Uji mwembamba wa kijivu ulioshikwa na sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole ni habari nyingine, na hapo fundi aitwe kabla ya kutia oili mpya. Oili hujazwa mpaka itiririke kwenye ukingo wa tundu la juu, basi.

Aina ya oili si jambo la kubahatisha. Transfa nyingi zenye mnyororo ndani hutumia oili nyepesi nyekundu, ile ya gia za kujiendesha. Nyingi zenye gia tupu hutumia oili nzito ya gia. Kutia iliyopo dukani kwa kuwa ndiyo iliyopo ni kununua uharibifu kwa fedha taslimu.

Dereva atokaye mchangani akaingia lamini akumbuke kuondoa mvuto wa magurudumu ya mbele, ikiwa gari lake ni la namna ya kuingiza na kutoa. Kwenye kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali sawa. Mchangani huteleza yakajipatanisha, lakini lamini hushindana, na ushindani huo huishia ndani ya transfa kwa joto linaloiunguza oili.

Kuna jambo linaloihusu nyumba pia. Dumu lililowekwa oili chafu lisirudi kamwe kuchotea maji wala kuwekea mafuta ya kula, hata likisuguliwa kwa mchanga na sabuni. Oili yenyewe isimwagwe karibu na kisima. Wengi huipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa, lakini nguzo za ghala la nafaka ziachwe. Na mikono ioshwe kwa sabuni, si kwa petroli, kabla ya kumbeba mtoto.

Kazi ikiisha, tarehe na kilomita ziandikwe kwa rangi nyeupe juu ya sanduku lenyewe. Daftari hubaki karakana, na kesho gari huenda na dereva mwingine.