Ladri di biciclette: mwizi mumoja ao wezi wengi?



Kama uko kati ya wale walimaliza masomo mwaka jana ao mwaka ule mwingine, unajua ule mustari wa tangazo la kazi wenye unatuumizaga: awe na uzoefu wa miaka miwili. Wengine wanaongeza: awe na moto yake mwenyewe, awe na ordinatere yake. Maana yake, ili upate kazi unapaswa kuwa na kitu chenye mutu anapataka tu akisha kuwa na kazi. Iko filme moja ya Italia ya mwaka 1948 yenye inazunguka juu ya jambo hilo tu, tangu mwanzo mupaka mwisho. Vittorio De Sica njo aliitengeneza, na kwa Kiitaliano inaitwa Ladri di biciclette. Wengi wetu, kama tuliisikia, tuliisikia kwa jina la Kifaransa: Le Voleur de bicyclette.

Angalieni vizuri ile majina mawili. Kifaransa kinasema mwizi, mumoja. Kiitaliano kinasema wezi. Nilisoma Kifaransa tangu primeri na sikuwaza hata siku moja kama kichwa cha filme kinaweza kunidanganya. Lakini hiki kinadanganya, na nitarudia jambo hilo.

Habari yenyewe ni fupi. Ni Roma nyuma ya vita, kazi ni chache sana. Antonio Ricci anakaa Val Melaina, mutaa wa pembeni ya muji, nyumba za gorofa ziko lakini maji yanachotwa inje, na bibi yake Maria anabeba ndoo sawa mama zetu. Mbele ya ofisi ya kazi wanaume wamejaa, mutumishi wa serikali anasimama juu ya ngazi anaita majina. Anamuita Ricci, na Ricci hayuko pale. Ameketi mbali, amechoka kungojea, mwenzake anakimbia kumuita. Kazi imepatikana: kubandika afishi kwenye kuta za muji. Sharti ni moja tu, awe na baiskeli, kinga kama vile tunasema hapa Lubumbashi. Ricci alikuwa nayo, lakini aliiweka rehani ili familia ipate kula. Akijaribu kuomba muda, wale wengine wanapiga kelele: mimi niko na baiskeli, mimi! Mutu hapati hata dakika moja ya kufikiri.

Maria njo anakata shauri. Anavua mashuka kwenye kitanda, anayafua, wanaenda kuyaweka rehani ili kukomboa baiskeli. Hapo De Sica anatuonyesha kitu chenye hakuna mutu anakisema kwa kinywa. Mufanyakazi wa ile nyumba ya rehani anachukua furushi la mashuka, anapanda nalo kwenye rafu, anapanda tena, anapanda mupaka juu kabisa, na rafu zote zimejaa mashuka ya watu wengine. Kumbe kila nyumba ya Roma ilisha kuvua kitanda chake. Mimi ile picha ilinikamata kupita ule wizi wenyewe.

Kesho yake asubui mutoto wao Bruno, mudogo kabisa lakini anafanya tayari kazi kwenye pompi ya mafuta, anapangusa baiskeli. Anaona kwamba wale watu wa rehani waliikwaruza, na anamugombeza baba yake: juu ya nini haukuwaambia? Mutoto anajua kila chuma cha ile kinga. Wanatoka pamoja, kila mumoja na chakula chake mufukoni, baba anajisikia mutu. Siku hiyohiyo ya kwanza, Ricci akiwa juu ya ngazi anabandika afishi ya Rita Hayworth, kijana mumoja anaruka juu ya baiskeli na kupotea. Ku polisi wanaandika jina lake, wanamwambia aitafute yeye mwenyewe. Mwandishi wa habari anapita, anauliza kama kuko jambo. Polisi anajibu kwamba hakuna, ni baiskeli tu.

Sehemu yote yenye kubakia ni ya kutafuta, siku moja ya Yenga, baba na mutoto. Wanaenda soko la Piazza Vittorio, kwenye baiskeli zinauzishwa vipandevipande, wanagawana kazi: huyu anaangalia matairi, huyu anaangalia kengele. Kisha Porta Portese, mvua inawanyeshea. Kisha kanisa moja kwenye wakubwa wanawapa maskini supu, lakini mbele ya supu ni lazima misa. Ricci anamufuata muzee mumoja mwenye anamujua ule mwizi, muzee anamuponyoka. Bruno anamulaumu baba, baba anamupiga kofi. Haya, kila mutu mwenye alikuwa na baba mwenye shida anaijua ile kofi.

Kisha anajuta, anamuingiza mutoto kwenye restoran ya watu wa feza. Pale wanakula mukate wenye jibini ndani, na Ricci anamupa Bruno karatasi ahesabu mushahara wenye wangepata kila mwezi. Namba zinapandana. Ni hesabu ya feza zenye haziko. Wangapi kati yetu hatukufanya ile hesabu kichwani siku ya kuitwa kwa mazungumuzo ya kazi? Nauli, loyer, kitu kidogo kwa mama, minerval ya mudogo.

Wanamupata ule kijana, lakini baiskeli hapana. Kijana anaanguka chini na ugonjwa wa kifafa, mutaa wake muzima unamusimamia. Polisi anaingia kwake kutafuta: chumba kimoja, mama anapika, wote wanalala mule. Hakuna ushahidi. Filme ingetaka kutufanya tumuchukie mwizi, ingemupatia nyumba ya muzuri. De Sica amemupatia umaskini ule ule wa Ricci, pengine kuupita.

Sasa turudie kichwa. Kwenye mwisho, Ricci na Bruno wameketi pembeni ya barabara karibu na uwanja wa mupira. Baiskeli za watazamaji ziko mamia, zimepangwa. Na kwa upande mwingine, baiskeli moja iko peke yake kwenye ukuta. Ricci anaangalia hapa, anaangalia pale. Kisha anamupa mutoto feza za tramu, anamwambia atangulie aende kumungojea mbele. Bruno anakosa tramu. Anageuka na kuona baba yake juu ya baiskeli ya mutu mwingine, watu wanamukimbiza, wanapiga makelele ya mwizi. Wanamukamata, wanamupiga, kofia yake inaanguka. Mutoto anaiokota, anaipangusa. Mwenye baiskeli anaona ule mutoto na anasema wamuache. Basi. Baba na mutoto wanaingia katikati ya watu wengi, Bruno anamushika mukono, na filme inaisha.

Kwa hiyo wezi ni wawili, na wa pili ni ule mwenye tulikuwa tunamuhurumia tangu mwanzo. Jina la Kifaransa, kwa kusema mwizi mumoja, linakufanya umungojee ule kijana wa kofia saa yote, na kwenye mwisho linakuacha bila jina la kumupa Ricci. Kiingereza cha Amerika pia kwa miaka mingi kilitumia jina la mumoja.

Iko namna mbili za kuisoma hii filme, na nimesikia wenzetu wakizitoa zote mbili. Ya kwanza inasema: hali ngumu njo imemufanya mwizi, yeye hana kosa. Nakubali nusu. Zavattini, mwandishi mwenye alifanya kazi ya senario pamoja na De Sica, alipanga mambo ili tuone kila mulango ukifungwa: ofisi, polisi, kanisa, hata mwanamuke mwenye anatabiria watu, mwenye Ricci alimucheka kwanza, kisha akarudia kwake. Lakini ile feza ya tramu? Kama Ricci aliona kwamba hana kosa, juu ya nini alimutuma mutoto mbali? Alijua. Alikata shauri, na mbele ya kulikata alitafuta kwanza namna Bruno asimuone. De Sica hamutetei hapo, wala hamuhukumu. Anatuonyesha tu ile mukono inatoa feza.

Niseme yangu. Nyuma ya kupata lisansi, nilikaa mwaka mumoja na nusu bila kitu, staji bila mushahara na kutembeza CV. Tangazo moja likapita, kazi ya muzuri, ya mustari wetu ule: uzoefu wa miaka miwili. Iko mahali pa kufanyia fotokopi, kijana wa pale anatengeneza atestasio na muhuri, unalipa nusu mbele. Nililipa. Kartasi ikasema nilitumika miaka miwili kwenye kampuni yenye sikuingia hata mulango wake. Mimi sina telefone yenye picha nzuri, kwa hiyo mudogo wangu njo alipiga picha ya ile karatasi na kuituma pamoja na CV. Aliisoma. Anajua vizuri nilikuwa wapi ile miaka miwili, tulikuwa tunalala chumba kimoja. Hakuuliza kitu, aliniambia tu: yaya, imeenda. Hawakuniita.

Nilipoangalia hii filme mara ya kwanza, kwenye fleshi yenye mwenzangu alinipa, nilifika kwenye ile feza ya tramu nikasimamisha. Mimi sikuwaza hata kumutuma mudogo mbali.

Tuongeze kidogo juu ya namna filme ilifanywa, juu inasaidia kuelewa. De Sica alitembeza senario akitafuta feza. Mumarekani mumoja mukubwa wa sinema, David O. Selznick, alikuwa tayari kutoa, lakini alitaka Cary Grant, nyota wa Hollywood, acheze Ricci. De Sica akakataa. Alimuchukua Lamberto Maggiorani, mufanyakazi wa kiwanda mwenye hakuwa ametenda sinema mbele. Enzo Staiola, mwenye alicheza Bruno, alikuwa mutoto wa kawaida wa Roma. Picha zilipigwa kwenye barabara na masoko ya kweli, karibu hakuna studio. Waitaliano wa wakati ule waliiita sinema ya namna hiyo neorealismo. Na Maggiorani? Alirudia kiwanda, akapoteza kazi wakati walipunguza watu, na sinema pia haikumupa kazi mingi. Mutu mwenye dunia nzima ilimulilia juu ya kutafuta kazi, yeye mwenyewe akarudia kuitafuta. Jambo hilo linanikasirisha, na siwezi kusema ni kosa la nani.

Zawadi zilikuja. Mwaka 1950 Akademi ya Hollywood iliipa Oscar ya heshima, juu wakati ule hakukuwa bado mashindano ya filme za lugha ya kigeni. Yalianza na filme za mwaka 1956, na ya kwanza kushinda ilikuwa tena ya Italia, La Strada ya Fellini. Mwaka 1952 wachambuzi wenye waliulizwa na gazeti la Uingereza Sight and Sound waliiweka ya kwanza kati ya filme zote. Sisi lugha ya kigeni inatuchekesha kidogo: kwetu Kiitaliano na Kiingereza ni kigeni sawasawa, na Kifaransa chenyewe, tukisema kweli, kilikuja na chaki.

Mahali filme ilifika kuna maana kupita zawadi. Muhindi Satyajit Ray aliiona London mwaka 1950, akakata shauri la kutengeneza filme kwa namna ile. Pather Panchali ikatoka 1955, na mwaka uliofuata ikapewa zawadi Cannes. Kwa Afrika, tafuteni Borom Sarret ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1963, karibu dakika 20 tu. Mwenye mukokoteni wa Dakar anabeba watu wenye hawamulipi, kisha anaingia mutaa wa wakubwa kwenye mukokoteni wake umekatazwa, polisi anauchukua. Sisemi Sembène aliiga. Nasema mutu na chombo chake cha kazi ni habari moja, iwe kinga, iwe mukokoteni, iwe karatasi yenye muhuri. Hapa kwetu, asubui mapema, angalieni wale wanaume wenye kusukuma kinga zimejaa mifuko ya makala kuingia muji. Ukimunyanganya mumoja ile kinga, umemunyanganya nini?

Filme inadumu dakika 89, nyeupe na nyeusi, na maandishi ya Kifaransa chini. Msiogope maandishi: watu hawasemi sana, na kwenye mambo ya nguvu hakuna mutu anasema kitu. Mwenye hana mega za kutosha aniandikie, fleshi iko.

Nimeiangalia mara ya pili pamoja na mudogo wangu. Kwenye mwisho alikaa kimya, kisha akauliza: kesho yake asubui, Bruno aliamuka akaenda ku pompi ya mafuta kama kawaida? Nikamwambia filme haionyeshi. Akasema: alienda.