Asidi ya Makaa ya Mawe, Jaa la Kibarani na Maji ya Visima

Makaa ya mawe huanza kubadilika pindi yanapochimbuliwa na kupigwa na hewa, hata kama hayajatiwa moto. Oksijeni hunata kwenye uso wa kila kipande, hukata viungo vya kaboni polepole, na kuacha vikundi vya karboksili na fenoli. Vikundi hivyo vikilowa maji huachilia ioni za haidrojeni, na hapo kitu kilichoonekana kuwa jiwe tu huwa asidi. Mabadiliko hayo hutoa joto pia, ndiyo sababu lundo la makaa lililorundikwa vibaya bandarini au mgodini huweza kushika moto bila ya mtu kuliwasha.

Asidi inayopatikana kwa wingi kwa njia hii ni ya humiki. Haina fomula moja, kwani ni mchanganyiko wa molekuli nyingi za ukubwa mbalimbali. Huyeyuka katika maji ya alkali, na pH ikishushwa hadi karibu na 2 huganda na kuzama ikiwa tope jeusi. Ndugu yake, asidi ya fulviki, ina molekuli ndogo zaidi na rangi ya manjano, na hubaki imeyeyuka katika pH yoyote. Mkemia Mjerumani Franz Achard aliitoa asidi ya humiki kwa alkali mwaka 1786, si katika makaa bali katika udongo wa kinamasi uliojaa mimea iliyooza nusu. Makaa machanga ya rangi ya hudhurungi yaliyo karibu na uso wa ardhi hupitia mabadiliko haya yenyewe. Yale ya jimbo la North Dakota, Marekani, huitwa leonadaiti, na bidhaa nyingi za humiki zinazouzwa duniani hutokana na makaa ya aina hiyo.

Makaa magumu zaidi hulazimishwa kuoksidika kwa hewa ya moto, haidrojeni peroksaidi, pamanganeti au asidi ya naitriki. Kazi hiyo ikisukumwa mbele zaidi, molekuli kubwa za humiki nazo huvunjika na kubakisha pete za benzini zilizozungukwa na karboksili. Yenye karboksili sita, asidi ya meliti, ilitambuliwa na Martin Klaproth mwaka 1799 katika jiwe la rangi ya asali lililopatikana ndani ya makaa. Mwisho wa safari ni asidi ya oksaliki na kaboni dayoksaidi.

Ipo asidi nyingine ya makaa isiyofaa kuchanganywa na hizi. Makaa mengi hubeba pairaiti, madini ya chuma na salfa, ambayo yakifikiwa na hewa na maji hutoa asidi ya salfuriki. Hiyo ni asidi kali, na ndiyo inayoogopwa kwenye migodi ya makaa popote ilipo, Ngaka na Kiwira kule Tanzania zikiwemo. Asidi ya humiki ni dhaifu na haiunguzi ngozi kama ile. Ubaya wake, pale unapokuwepo, hutokana na kile inachokibeba na kile inachokutana nacho njiani.

Kibarani ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hilo, ingawa hapajawahi kuchimbwa makaa. Kwa miongo kadhaa taka za mji wa Mombasa zilimwagwa hapo, ukingoni kabisa mwa hori la Makupa. Baadaye jaa likafungwa, likafunikwa udongo na kupandwa miti, na taka zikaelekezwa Mwakirunge. Kufunikwa hakuzimi kemia ya chini. Katika jaa lolote changa vijidudu hutoa kwanza asidi nyepesi kama ile ya siki. Miaka ikipita hizo huliwa na kugeuka gesi ya methani, na maji yanayochuruzika huanza kutawaliwa na humiki na fulviki. Humiki ya taka ni changa kuliko ya makaa, na pete zake za kaboni ni chache, lakini vikundi vya karboksili na fenoli ni vilevile.

Vikundi hivyo vina tabia moja kubwa: hushika metali. Risasi ya betri, kadimiamu, shaba ya nyaya na zinki ya mabati, ambazo pengine zingebaki zimeng'ang'ania taka, hubebwa na humiki iliyoyeyuka hadi kwenye maji ya hori. Huko hukutana na chumvi. Kalsiamu na magnesiamu za bahari huifanya humiki igande na kutua, na metali nazo hutua pamoja nayo katika tope la mikoko. Utafiti wa mashapo ya hori la Makupa na Port Reitz uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta Makupa imechafuka kwa metali hizo. Taka hazikuwa chanzo pekee, kwa kuwa bandari na viwanda viko jirani, na barabara ya tuta ya Makupa ilikuwa imeyabana maji yasipite kwenda hori la Tudor. Daraja lililofunguliwa mwaka 2022 limeufungulia mkondo njia. Hilo ni jema kwa hori, ila metali haziozi. Tope likichimbuliwa hovyo huweza kuzirudisha majini, na kaa na chaza huishi humo humo.

Upande wa kisiwani Mombasa, humiki huwahusu watu kupitia visima. Mji wa Kale umejengwa juu ya mwamba wa matumbawe unaopitisha maji kwa urahisi, ya vyoo na ya bahari pia. Maji ya kisima yenye rangi ya chai yakitiwa klorini, klorini hiyo hugongana na humiki na kuzaa trihalomethani kama klorofomu na bromofomu, kundi la kemikali lililogunduliwa na Johannes Rook katika maji ya Rotterdam na kuchapishwa mwaka 1974. Kisima kilichoingiwa na maji ya bahari kina bromaidi pia, na hapo bromofomu huongezeka. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.3 za klorofomu na 0.1 za bromofomu katika lita moja. Hata hivyo shirika hilo hilo husisitiza kwamba kuua vijidudu kusipuuzwe kwa kuhofia mazao haya, na lina haki: kipindupindu huua kwa saa, ilhali trihalomethani huhofiwa kwa unywaji wa miaka mingi. Dawa yake ni kuondoa rangi kwanza. Shabu hugandisha humiki ikazama, maji yakachujwa, ndipo klorini itiwe.

Katika maduka ya pembejeo humiki huuzwa kama potasiamu humati ya kurutubisha udongo, na kwa kazi hiyo haina tatizo kubwa. Mifugo nayo hupewa: Shirika la Dawa la Ulaya lilipitia humiki ya tiba ya wanyama mwaka 1999 na halikuona haja ya kuweka kikomo cha mabaki yake katika nyama. Kwa binadamu hali ni tofauti. Afrika Kusini ilitengeneza oksihumati kwa kuoksidisha makaa na ikajaribiwa kwa wagonjwa wachache, lakini majaribio madogo hayatoshi kuifanya dawa. Mwaka 2009 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia virutubisho vya humiki na fulviki vyenye madini, ikasema ushahidi uliopo hautoshi kuthibitisha usalama wake. Matone ya fulviki yanayosifiwa kutibu kila kitu hayana ushahidi wa kutosha, na yakitoka kwenye makaa yasiyopimwa huweza kuja na aseniki, risasi au zebaki ya makaa yenyewe. Mbolea ya shambani isinywewe kamwe.

Potasiamu humati ni ya alkali, hivyo huwasha macho, na vumbi lake halifai kuvutwa. Glavu, miwani na barakoa vinatosha. Kuitengeneza nyumbani kwa makaa na asidi ya naitriki ni hatari ya namna nyingine kabisa. Mchanganyiko huchemka ghafla na kutoa naitrojeni dayoksaidi, gesi ya hudhurungi. Aliyeivuta huweza kujisikia mzima kwa saa kadhaa kabla mapafu hayajaanza kujaa maji, kwa hiyo hupelekwa hospitali hata akiwa hana dalili.