Ngitili: ghala la nyasi linalolinda bei ya ng'ombe

MWANZA. Kila mwaka kati ya Juni na Septemba ng'ombe wa kusini mwa Ziwa Victoria hukonda, na wafugaji wengi huwapeleka mnadani kwa wakati mmoja. Wingi wa mifugo na wepesi wa uzito humfaidisha mnunuzi. Anayeweza kusubiri mvua za vuli huepuka hasara hiyo, na Wasukuma wana njia ya zamani ya kusubiri: ngitili.

Hili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua, nyasi zikaachwa zisimame, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokolea. Zipo ngitili za kaya na za kijiji, na anayeingiza mifugo kabla ya siku hutozwa faini. Nyingi zilivunjika watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986 na kumalizika 2004, ulizifufua katika mkoa jirani.

Hesabu yake ni rahisi. Ng'ombe wa kilo 250 hula takriban kilo 6 za majani makavu kwa siku. Ng'ombe 10 kwa siku 90 wanahitaji tani 5.4. Tuseme hekta moja ina tani 2 za nyasi. Nusu hukanyagwa au huachwa kulinda mizizi. Mfugaji huyo anahitaji hekta 5 na nusu hivi.

Tatizo ni ubora. Nyasi zikikomaa protini hushuka, na ikiwa chini ya asilimia 7 mnyama humeng'enya polepole na kula kidogo, hata majani yakiwa tele. Njia ya kati ni kulisha mwanzoni mwa mvua, kisha kufunga Februari au Machi: wingi hupungua lakini nyasi huwa changa zaidi. Pengo la protini huzibwa kwa mashudu ya pamba kutoka vinu vya kanda hiyo hiyo.

Hatari kubwa ni moto. Nyasi za miezi mitatu huteketea kwa alasiri moja, hivyo mkanda wa kuzuia moto ulimwe mvua zinapokatika.

Kwa anayenunua ng'ombe wa kunenepesha, somo ni moja: ahesabu nyasi na mashudu kwanza, ndipo aulize bei ya mnadani.