Seli hujikagua kabla ya kugawanyika: hii inahusianaje na chanjo ya HPV?

Ukijikata na jembe shambani, baada ya siku kadhaa kidonda hufunga. Kinachokifunga ni seli mpya: moja hugawanyika zikawa mbili, mbili zikawa nne, mpaka ngozi inarudi. Lakini kabla ya kugawanyika, seli hunakili DNA yake, yaani maelekezo ya mwili tuliyorithi kwa baba na mama.

DNA huharibika kila siku, hata kwa mtu mwenye afya. Jua kali, moshi wa sigara na shughuli za kawaida za mwili huidhuru, na mara nyingine huikata kabisa. Seli ikigawanyika hivyo hivyo, kosa linarithiwa na seli zinazofuata. Ndiyo maana safari yake ina vituo vya ukaguzi, kama mizani ya barabarani ambapo lori la mazao halipiti bila kupimwa.

Kituo kimoja kiko kabla ya kunakili. DNA ikiwa imekatika hapo, seli husimama na mara nyingi huunganisha ncha mbili moja kwa moja. Njia hii ni ya haraka, ila sehemu ndogo ya maelekezo inaweza kupotea. Kituo kingine kiko baada ya kunakili. Hapo zipo nakala mbili, hivyo seli inaweza kusoma ile nzima ili kurekebisha iliyokatika. Makosa huwa machache zaidi.

Mwaka 1988, nchini Marekani, Ted Weinert na Leland Hartwell walionyesha umuhimu wa kusimama huko kwa kutumia hamira, jamii ile ile tunayoumulia unga wa mkate. Walipoipiga mionzi, hamira ya kawaida ilisimama kwanza, ikajitengeneza, ndipo ikaendelea. Hamira iliyokosa jeni moja tu, iitwayo RAD9, haikusimama. Iliendelea kugawanyika na DNA iliyokatika, na seli zake nyingi zikafa.

Kwa binadamu, mmoja wa walinzi wakuu ni protini iitwayo p53. Huisimamisha seli ili itengenezwe, na uharibifu ukizidi, huiamuru seli ife.

Hapa ndipo HPV inapoingia. Kirusi hiki huambukizwa kwa kujamiiana, na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Lakini aina zake hatari zikikaa muda mrefu, hutengeneza protini inayofanya p53 ivunjwe. Seli za mlango wa kizazi hubaki bila mlinzi, makosa hujilimbikiza, na baada ya miaka, mara nyingi 15 hadi 20, saratani hutokea. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa, huweza kuwa 5 hadi 10.

Chanjo humzuia adui kabla hajaingia. Haimtoi aliyekwisha kuingia. Ndiyo maana hutolewa kwa wasichana wadogo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019.

Mzazi, muulize mhudumu wa afya kuhusu chanjo ya binti yako. Nawe mama uliyefikisha miaka 30, nenda ukapimwe mlango wa kizazi hata kama huumwi. Mwenye VVU aanze mapema zaidi. Miaka hiyo mingi ya ukimya ndiyo nafasi yetu ya kuukamata ugonjwa ungali mdogo.