Usaili wa Ualimu Nchini Uingereza: Namna ya Kujiandaa

Katika England, njia iliyozoeleka ya kuingia kwenye ualimu ni kumaliza shahada ya kwanza, kisha kusoma PGCE, mafunzo ya uzamili yanayochukua mwaka mmoja. Mwombaji huhitaji pia angalau daraja la 4 katika Kiingereza na Hisabati kwenye mtihani wa GCSE, au sifa inayolingana nalo. Mwombaji wa ualimu wa shule ya msingi huongeza Sayansi. Aliyesoma Kenya au Tanzania huweza kuomba shirika la UK ENIC lilinganishe vyeti vyake na vya huko. Vyeti vikishakubaliwa, kinachofuata ni usaili.

Jopo huwa na wahadhiri, na mara nyingi walimu wa shule washirika, kwa kuwa mwanafunzi wa PGCE hutumia siku zisizopungua 120 shuleni. Wote wanataka kujua kama mwombaji anamfikiria mtoto anayejifunza. Kwa hiyo maandalizi bora huanzia darasani: kuomba nafasi katika shule, kukaa nyuma na kutazama. Anayejibu kwamba anapenda watoto hajasema kitu. Anayeeleza alivyomwona mwalimu akisubiri sekunde chache baada ya swali, hadi mtoto mkimya akanyoosha mkono, amelipa jopo jambo la kujadili.

Vyuo vingi humpa mwombaji dakika chache za kufundisha. Kosa la kawaida ni kubeba mada kubwa. Ni heri lengo moja dogo: mathalani, kwa nini nusu jumlisha theluthi si mbili ya tano. Karatasi mbili zinazolingana, moja imekunjwa katika sehemu mbili sawa na nyingine katika sehemu tatu sawa, zinaonyesha kwamba vipande havilingani; tena nusu peke yake inazidi mbili ya tano. Mwishoni liwepo swali la kupima kama wanafunzi wameelewa. Jopo likiuliza somo lingeboreshwaje, mwombaji ataje udhaifu mmoja wa kweli na namna ya kuurekebisha.

Swali la usalama wa mtoto ni nadra kukosekana. Mathalani, mwanafunzi anasema ana siri, ila mwalimu asimwambie mtu. Jibu sahihi lina hatua: kutoahidi kutunza siri, kusikiliza bila kumtilia maneno mdomoni, kuandika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, na kuripoti bila kuchelewa kwa kiongozi wa ulinzi wa watoto, ambaye kila shule lazima iwe naye. Mwalimu hafanyi upelelezi mwenyewe.

Yapo pia ya kusoma mapema: mtaala wa taifa wa somo husika, viwango vinane vya ufundishaji vilivyoanza kutumika mwaka 2012, na mwongozo wa serikali wa usalama wa watoto shuleni. Wa shule ya msingi ajue jinsi watoto wanavyofundishwa kusoma kwa kuunganisha sauti za herufi, maana mtihani wa stadi hiyo hufanywa katika darasa liitwalo Year 1.

Baadhi ya vyuo huongeza insha fupi au majadiliano ya kikundi. Kwenye majadiliano, anayejenga hoja juu ya hoja ya mwenzake na kumkaribisha aliyenyamaza hupendelewa kuliko anayeteka mazungumzo, kwani hiyo ndiyo kazi atakayoifanya darasani.