Duka Liandikwe kwa Jina Lako

Mwezi huu kina mama watatu wa darasa langu la jioni wameniuliza swali moja: sisi wakimbizi tunaruhusiwa kufungua duka Tororo au Busia, ama tutafukuzwa?

Tororo wengi wetu tunaijua. Mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, tulivuka kutoka Kenya tukalala kwenye mahema pale Mulanda kabla ya kuletwa huku Kiryandongo. Mimi nilikuwa na miaka 8, nakumbuka zaidi matope. Baadaye mjomba wangu alirudi Tororo mjini na cherehani yake. Kwa woga, leseni akaitoa kwa jina la rafiki mwenyeji. Biashara ilipochangamka, rafiki akabadilisha kufuli. Mjomba hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Alirudi na mkasi tu.

Na kumbe hakukuwa na haja! Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi aliyetambuliwa kufanya kazi, kulima, kufanya biashara, hata kuanzisha kampuni, akifuata taratibu kama wageni wengine. Mali yake ni yake. Basi leseni, mkataba wa chumba, risiti ya mashine, vyote viwe na jina lako kama lilivyo kwenye kadi ya mkimbizi. Kabla ya kuondoka, chukua barua ya ruhusa ofisi ya OPM.

Shamba tulilogawiwa hapa ni habari nyingine. Kanuni za 2010 zinakataza kuliuza au kulikodisha. Najua watu wanafanya, lakini anayenunua ananunua hewa.

Sasa Busia. Pale soko lote linatazama ng'ambo, na mtu anashawishika kupita njia ya panya na mzigo wake. Bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwenye orodha, zisizozidi dola 2,000, zina fomu rahisi na hazitozwi ushuru wa forodha. Lakini fomu inapitisha mzigo, haikupitishi wewe. Kadi yetu si pasipoti. Kuna hati ya kusafiria ya wakimbizi, ila haikupeleki nchi uliyoikimbia. Kwa hiyo ndugu wa Kongo au Sudan Kusini anaweza kuvuka nayo kwenda Kenya, sisi wa Kenya hapana. Na ukitoa kitambulisho cha Kenya getini unaweza kuulizwa kama bado unahitaji hifadhi, maana sheria hiyo ya 2006 inasema anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake anaacha kuwa mkimbizi. Afadhali uuze upande huu, mnunuzi avuke mwenyewe.

Mjomba anashona tena Tororo. Leseni nimeisoma mwenyewe, jina ni lake. Mwenye mkataba asiouelewa aje nao Alhamisi baada ya masomo, tuusome pamoja kabla hajatia sahihi.