Fataki na kidole gumba

Mtanzania ukimtajia fataki siku hizi huenda akacheka, maana atakumbuka yale matangazo ya redio yaliyoligeuza neno hilo kuwa jina la mzee mwenye pesa anayewanyemelea wasichana wa shule. Mwingine atakumbuka mkesha wa mwaka mpya. Mwenye gobori hana utani nalo. Kwake fataki ni kikofia cha shaba, kikubwa kidogo kuliko punje ya choroko, anachokivalisha kwenye chuchu ya bunduki baada ya kushindilia. Nyundo ikikigonga kinatema moto, moto unashika baruti ndani. Fataki ikiwa mbovu, mnyama anageuza shingo, anakutazama, anakwenda zake.

Wazee wetu walizipanga bunduki kwa namna zinavyowashwa: ya mrao (yenye utambi), ya gumegume (yenye jiwe), kisha ya fataki. Hiyo ya tatu ina asili yake Uskoti, kwa mchungaji wa kanisa aliyependa kuwinda ndege. Alexander John Forsyth alichoshwa na gumegume kwa sababu mwako wake wa nje uliwashtua bata kabla risasi haijatoka. Mwaka 1807 akapata hataza ya kuwasha baruti kwa kugonga kemikali. Vikofia vya shaba vilifuata miaka michache baadaye, na bunduki za kisasa zilipokuja fataki haikutoweka, ilihamia tu kwenye kitako cha ganda la risasi. Ndiyo ile duara ndogo unayoiona katikati, yenye kovu la pini baada ya kufyatuliwa.

Nilikuwa sijawahi kuifikiria duara hiyo hadi nilipoalikwa gerejini kwa jirani wa dada yangu, Wisconsin, Marekani, wiki chache kabla ya msimu wa kulungu. Msimu wenyewe wa bunduki ni siku tisa, mwezi wa Novemba, na mzee huyu hanunui risasi za dukani. Anakusanya maganda aliyokwisha kuyapiga, anayarudisha katika umbo lake, anayatia fataki mpya, baruti na kichwa kipya. Kule sheria ya nchi haimdai leseni mtu anayejitengenezea risasi zake mwenyewe, ila akitaka kuziuza. Kwetu msomaji asijaribu. Risasi ni jambo la leseni, na gereji si kiwanda.

Mezani kwake palikuwa na vifaa vitatu, vyote vya kazi moja: kuisukuma fataki ndani ya kishimo chake. Nikamuuliza kwa nini mtu awe na vitatu. Akanijibu kwamba viwili ni vya kujifunzia makosa.

Cha kwanza ni presi kubwa ya chuma iliyofungwa mezani, inayorudisha ganda umbo lake. Karibu kila presi ina kijimkono cha kutilia fataki, kwa hiyo anayeanza hana haja ya kununua kingine. Ubaya wake ni nguvu. Wenzo uliotengenezwa kukandamiza ganda zima la shaba nyeupe hauwezi kukueleza chochote kuhusu kidude chenye upana wa milimita 5.33, na hicho ndicho kipimo cha fataki kubwa ya raifo. Ile ndogo ni milimita 4.45 hivi. Ukisukuma kwa presi, fataki inaingia, au inapondeka, na mkono wako haujui tofauti.

Na tofauti ndiyo kazi yenyewe. Ndani ya fataki, juu ya kemikali, pamekaa kipande cha metali chenye miguu, kama fuawe la mhunzi. Miguu hiyo lazima iguse sakafu ya kishimo, ili pini ikigonga, kemikali ibanwe kati ya pigo hilo na fuawe. Fataki ikiachwa juu, pigo la kwanza linapotea katika kuisukuma tu, na bunduki inanyamaza. Katika raifo zinazojipakia zenyewe, mfano M1 Garand ambayo pini yake inacheza huru, fataki iliyochomoza ni hatari ya aina nyingine: bolti inapojifunga kwa kishindo, risasi inaweza kutoka kabla kidole hakijagusa kifyatulio. Kwa hiyo wajuzi wanataka fataki ikae chini kidogo ya uso wa kitako, kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita. Wanaipitishia ncha ya kidole kila moja.

Kifaa cha pili ni cha mkononi. Kina umbo la koleo, kisinia cha plastiki juu yake, na wenzo mfupi unaobanwa kwa kidole gumba. Wafyatuaji wengi wa Marekani wamelelewa na hiki, hasa cha kampuni ya Lee ya huko huko Wisconsin, na baadaye cha RCBS. Bei yake ni makumi ya dola tu. Kwa maoni yangu ndicho anachopaswa kuanza nacho mtu, ingawa sina ganda hata moja la kujaza.

Sababu ni kwamba kidole gumba kinasoma. Ganda zima lina kishimo kinachobana: unahisi ukinzani laini, halafu mguso mgumu, fataki imefika sakafuni. Ganda la jeshi lina ukingo uliofinywa kuizuia fataki isitoke, na usipoukwangua kwanza unahisi fataki inakwama, nawe unaacha papo hapo. Ganda lililochoka, lililopigwa mara nyingi kwa baruti nyingi, kishimo chake kimepanuka. Fataki inateleza ndani kama ufunguo kwenye kufuli bovu. Hapo hakuna kipimo kinachohitajika. Mkono umekwisha kukwambia kwamba ganda hilo limefikia mwisho wake.

Unapochagua, tazama kisinia kuliko rangi na jina. Fataki hufungwa kiwandani mia mia, kila moja katika kishimo chake, zisigusane, kwa kuwa moja ikilipuka inaweza kuziambukiza jirani zake. Kisinia kinazirundika pamoja tena. Kwa hiyo kifaa chenye kilango cha chuma kati ya kisinia na pale fataki inaposukumwa kina thamani kuliko kinachokwenda haraka. Mzee hugusa kifaa hicho akiwa amevaa miwani ya kukinga macho, hata kwa ganda moja.

Cha tatu ni cha kufungwa mezani, chenye wenzo mrefu. Vya bei ya mamia ya dola vina gurudumu la kupangia kina kwa hatua ndogo mno, na wapiga shabaha wa masafa marefu huapa kwavyo. Mzee alikinunua cha bei ya kati kwa sababu isiyohusu shabaha: baridi yabisi. Maganda mia mbili kwa koleo, kidole gumba chake kinavimba hadi Jumatatu.

Alinipa koleo nijaribu, maganda matano. Manne yalikaa vizuri. La tano fataki iliteleza, sikuhisi kitu, nikamtazama. Alilichukua, akalipapasa kitakoni, akatikisa kichwa. Fataki hai haigongwi ili itoke wala haitupwi kwenye ndoo ya chuma chakavu. Akachukua raifo, tukatoka nyuma ya nyumba kwenye tuta la udongo anapofanyia majaribio. Akalitia ganda lile tupu, lisilo na baruti wala kichwa, akalenga tutani, akafyatua.

Nilijiandaa kwa kishindo. Kilisikika kitu kidogo tu, *pa*, kama kijiti kikavu kinapokanyagwa. Mbwa wa jirani hakuinua hata sikio.